Ufunguo wa Gari la Marehemu



Mwezi huu tumeona vyema kuijibu hapa barua ya kijana mmoja, kwani jambo lililomfika yeye limo katika nyumba nyingi, ijapokuwa kila nyumba ina sura yake. Atuandikia kwamba baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameacha gari la kale, Morris Minor, alilolitunza tangu ujana wake. Tangu siku ya hitima ufunguo wa gari hilo haukuonekana tena. Kaka yake ataka kuivunja swichi kwa bisibisi apate kuliuza. Dada yao atuhumiwa kuwa ndiye aliyeuficha ufunguo. Mama yao, naye yumo katika eda, amenyamaza. Basi kijana auliza: je, yafaa aende kwa fundi kwa siri akachongewe ufunguo mwingine, naye ni mtoto wa marehemu kama wenziwe?

Swali hili lina pande mbili: upande wa ufundi na upande wa haki. Tutaanza na ule ulio mwepesi, nao ni wa ufundi.

Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata katika miji yetu ya Afrika Mashariki watu wazima walikumbuka vizuri. Ufunguo wake ni kipande cha chuma tu. Haufanani na funguo za magari yaliyoenea tangu miaka ya 1990, ambazo ndani yake mna kidude cha umeme kinachojulishana na gari, hata asiyekuwa nacho hawezi kuliwasha. Ndani ya kitasa cha gari la kale mna vibao vyembamba vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo yakiwa sawa, vibao vyote hukaa mahali pake, na kitasa huzunguka. Basi aliyepoteza ufunguo wa namna hii hana sababu ya kukata tamaa.

Kwanza, na atazame uso wa swichi ya kuwashia, pale pa kutilia ufunguo. Katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, namba ya ufunguo imepigwa hapo hapo juu ya chuma: herufi mbili au tatu, kisha tarakimu tatu. Afute vumbi kwa kitambaa laini, asikwangue kwa kisu, kisha aiandike namba hiyo. Wako mafundi na wauzaji wa vipuri vya magari ya kale ambao huchonga ufunguo kwa namba tu, bila ya kuliona gari lenyewe. Na ufunguo uliochongwa kwa namba huwa bora kuliko ule ulionakiliwa kutoka ufunguo mkuukuu, kwa sababu anayenakili ufunguo uliolika hunakili na kulika kwake.

Pili, ikiwa namba imefutika, fundi wa vitasa aweza kukitoa kitasa, akavisoma vile vibao kimoja kimoja, akachonga meno yanayolingana navyo. Tatu, asishangae ufunguo ukiwasha gari na usifungue mlango. Katika miaka mingi vitasa hubadilishwa, na huenda mlango ukawa na namba nyingine. Nne, kitasa kikiwa kigumu kisilazimishwe. Unga mweusi wa penseli kidogo humfaa fundi kuliko mafuta mazito, ambayo hushika vumbi na kukizidishia uzito. Na bisibisi ya kaka iwekwe mbali kabisa, kwani ikiivunja swichi, huenda ikaiharibu na ile namba ambayo ndiyo njia iliyo rahisi ya kupata ufunguo.

Haya ndiyo ya ufundi. Lakini katika haya haya mna jambo ambalo twataka vijana wetu walizingatie.

Katika magari hayo ya Kiingereza, mfululizo mmoja mashuhuri wa funguo ulikuwa wa herufi FS, na namba zake zilianzia 876 zikaishia 955. Ukihesabu, utaona kuwa ni namna 80 tu za funguo, nazo ziligawiwa magari mengi mno. Maana yake, ufunguo wa gari la mtu mmoja uliweza kufungua gari la mtu mwingine asiyemjua, lililosimama mtaa wa pili. Tena namba yenyewe imeandikwa wazi, aweza kuisoma kila apitaye. Je, ni kitu gani basi kilichoyalinda magari hayo miaka yote hiyo? Kitasa kilikuwa na sehemu yake, lakini sehemu iliyo kubwa ilikuwa ni kujizuia kwa watu. Anayeweza kufungua si lazima awe ndiye mwenye haki ya kufungua.

Hapa ndipo tunapofika kwenye upande wa pili wa swali. Ewe kijana wetu, gari hilo hivi sasa si lako, wala si la kaka yako, wala si la huyo atakayekuwa wa kwanza kupata ufunguo. Ni tarika ya marehemu. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia uliosihi, na kinachobaki ndicho wanachorithi wenyewe kwa mafungu aliyoyaweka Mwenyezi Mungu. Mama yenu ana thumni yake, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Dada yenu ana fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, na hapana awezaye kumwondoshea hata senti moja kwa kuwa yeye ni mwanamke au kwa kuwa ametuhumiwa. Basi ukichonga ufunguo kwa siri, umejipa peke yako mlango wa mali ya watu wengi. Na kaka yako akiivunja swichi, ameiharibu mali ambayo sehemu yake si yake.

Ama dada yenu, tuhuma pasipo ushahidi ni dhambi, na Qur'ani katika Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya. Mara ngapi ufunguo umeonekana katika mfuko wa kanzu ya marehemu, na udugu ulikwisha vunjika?

Tukumbuke siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, yaani mwaka 630. Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliingia mji ule hali kila mlango uko chini ya amri yake. Ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha. Mtume aliuchukua, akaingia, kisha akamrudishia mwenyewe, na hadi leo ufunguo huo umo mikononi mwa ukoo wa Bani Shayba. Wafasiri wengi huitaja habari hii wanapoieleza aya ya 58 ya Suratun Nisaa, ambayo ndani yake tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Aliyekuwa na uwezo wote wa kuuzuia ufunguo ndiye aliyeurudisha.

Basi ushauri wetu ni huu. Mketi pamoja, na mama yenu asikilizwe pale alipo. Mkubaliane ni nani atakayekuwa msimamizi wa mirathi, na mkishindwa, mwendeni kwa Kadhi. Msimamizi huyo aende kwa fundi mchana kweupe, na kadi ya gari mkononi. Fundi mwaminifu atamwuliza kadi hiyo, wala asichukizwe kwa kuulizwa. Sheria yetu inamtaka aliyeokota kitu azijue alama zake na akitangaze mwaka mzima, asije akampa asiyekuwa mwenyewe. Itakuwaje basi fundi ampe mlango wa mali ya watu kila ajaye na namba? Zichongwe funguo mbili: mmoja ukae kwa msimamizi, wa pili kwa mama yenu. Namba iandikwe katika daftari la nyumba, kwani wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha gari liuzwe au libaki, kwa ridhaa ya wote, na kila mtu apate haki yake.

Na nyinyi wazazi mlio hai, mtajieni mtu mmoja mwaminifu mahali pa funguo zenu na hati zenu kabla haijafika siku isiyokuwa na budi. Kufanya hivyo ni sadaka kwa watoto mtakaowaacha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, aziunganishe nyoyo za wanawe, na atujaalie sote tuwe watu wa kutunza amana. Amin.