Mbele ya kufunga shule ndogo, waulize wazazi kweli kweli

Habari inaanza kutembea wakati wa vakanse. Mtu anatoka ku biro ya sous-division, anafika ku kijiji, anasema amesikia kama shule yao ndogo iko kwenye listi ya zile za kufunga. Kisha barua inakuja kwa direkta: wazazi wote wanaitwa ku mkutano siku ya posho, chini ya mwembe ao mu kanisa. Mkubwa anasema, mwakilishi wa dini yenye kusimamia shule anasema, shefu wa kijiji anashukuru. Karatasi inapitishwa, kila mzazi anatia sahihi. Na mara nyingi barua ya kufunga inakuwa imeshaandikwa, mbele watu hawajakaa chini.

Mikutano ya namna hiyo tumeiona. Wanaiita kuuliza wananchi. Sisi tunasema hivi: kuuliza mtu juu ya jambo ambalo umeshakata, haiko kumuuliza, ni kumjulisha. Ukitaka kumjulisha, mjulishe tu. Usimuombe sahihi.

Hatusemi kama hakuna shule ya kufungwa. Kuko. Inchi hii imelipa mishahara ya walimu wasioonekana, katika shule ambazo hata shefu wa kijiji hazijui. Mwaka wa 2020, wakati wakaguzi wa IGF walichunguza malipo ya walimu, habari ya shule za uongo na majina ya uongo ilitoka wazi, na kesi ikafika mbele ya majaji. Shule yenye kuishi ku karatasi tu inapashwa kufungwa leo, na hakuna mzazi atakayeililia.

Kuko pia shule za kweli ambazo zimebakia na watoto kidogo. Zingine ni za watu binafsi, zilipoteza wanafunzi kisha masomo ya bure kuanza mu shule za Serikali mwaka wa 2019. Zingine ziko katika vijiji ambavyo vijana wamevihama kufuata migodi. Utakuta mwalimu mmoja na klasi tatu, jina lake halijaingia kwenye listi ya mshahara, anaishi kwa jasho la shamba lake. Mkubwa anayesema «tuweke watoto pamoja, tuweke walimu pamoja» haiko mtu mbaya. Ku shule kubwa kila klasi iko na mwalimu wake, na watoto wa klasi ya sita wanatayarishwa vizuri kwa mtihani wa mwisho. Ana hoja, na wazazi wanapashwa kuisikia.

Lakini na yeye anapashwa kusikia. Mbele ya kusema nani anaweza kufunga shule, tukumbuke nani aliijenga. Shule nyingi za vijiji vyetu ni za dini. Mwisho wa 1974, Serikali ya Mobutu ilizichukua. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977, mapatano yalizirudisha mu mikono ya makanisa. Toka hapo shule iko na wakubwa wawili: Serikali inaandika sheria na kulipa, dini inasimamia. Na matofali? Matofali yalichomwa na wazazi. Wakati wa salongo walibeba mchanga na mawe. Manjanja walinunua kwa kuchanga. Miaka ya 1990, wakati mshahara wa Serikali ulianguka mpaka kuwa si kitu, wazazi ndio waliomlisha mwalimu: kwa franka, kwa mahindi, kwa kuku, kwa kwenda kumlimia shamba. Mambo hayo yalidumu mpaka 2019, ndipo masomo ya bure yaliyoandikwa mu kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 yakaanza kutumikishwa. Mtu aliyelipa miaka yote ile haiko mgeni ku mkutano. Ni mwenye nyumba. Hata sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inamhesabu mzazi kuwa mwenzake wa Serikali katika kazi hii.

Basi tuangalie mambo ambayo mwenye nyumba anajua, na mkubwa hayajui.

La kwanza ni hesabu. Shule inafungwa juu watoto ni kidogo. Sawa, lakini walihesabiwa siku gani? Pande za Kasenga, kando ya Luapula, wakati wa uvuvi familia zingine zinahamia ku kambi za wavuvi pamoja na watoto wao. Kwingine, mahindi yakikomaa, mtoto mkubwa iko ku shamba. Pande za wachoma makala na za wachimbaji, watu wanahama, wanarudi. Ukihesabu siku moja tu, unaweza kukuta klasi nusu, na mwezi kisha ukaikuta imejaa. Tusifiche na upande wa pili: kuko direkta anayeongeza majina ili shule yake ionekane kubwa. Dawa ya yote mawili ni moja. Mwalimu, inspekta na COPA, ile komite ya wazazi, wahesabu pamoja, mara tatu kwa mwaka, na hesabu ibandikwe ku mlango wa klasi. Hapo kila mtu anaona, na hakuna wa kumdanganya mwenzake.

La pili ni barabara. Ku mkutano utasikia: «Shule kubwa haiko mbali, kilometa saba tu.» Kwa mkubwa aliyekuja na moto, ni kweli. Tuchukue mtoto wa miaka sita. Kilometa saba kwenda, saba kurudi, ni kilometa 14 kwa siku. Miguu yake midogo ikitembea kilometa tatu kwa saa, kwenda peke yake ni saa mbili na zaidi. Kama kengele inalia 7h30, anapashwa kutoka nyumbani karibu 5h00, kungali giza, bila kitu mu tumbo. Akifika, atalala juu ya daftari. Mwalimu atamwita mvivu.

Tena mikutano hii inafanyikaga mwezi wa munane, mu kiangazi. Barabara ya mwezi wa munane haiko barabara ya mwezi wa kwanza. Kijito ambacho mtoto anaruka leo, wakati wa mvua kinabeba mtu mzima. Majani yanafunika njia. Gogo walilolala ku mto kama daraja linaondoka na maji. Ndiyo maana mama mmoja wa nyuma kabisa ananyoosha mkono na kuuliza, kwa sauti ya chini: «Na batoto betu, bataenda namna gani mu mvua?» Jibu linalokujaga ni moja: «Tutaangalia.» Mvua inaanza, inaisha, na hakuna aliyeangalia.

Ni vizuri kusema wazi kinachofuata. Mtoto mkubwa anaenda shule mpya, juu anaweza kuongozana na wenzake ao kupakiwa ku kinga. Mtoto mdogo anabakia. Mama anasema: «Angojee kwanza akomae.» Anaanza klasi ya kwanza akiwa na miaka tisa, ao haanzi kabisa. Msichana wa klasi ya tano, wazazi wanaogopa njia, na yeye anabakia kuchunga wadogo wake. Kisha ku raporo ya mwisho wa mwaka, shule kubwa inaandika kama imepokea watoto wa kijiji jirani, na watu wa biro wanafurahi. Wale ambao hawakufika hawaandikwi mahali popote. Daftari la shule yao limefungwa, na daftari la shule mpya haliwajui.

Tena wale wanaofika, wanafika wapi? Kisha 2019, klasi zingine za inchi hii zilipita watoto 100. Kuongeza watoto wa shule nyingine mu klasi ambamo wengine wanaandika wakiwa wamekaa chini, ni kuhamisha shida tu. Shule kubwa iongezewe kwanza benchi na klasi, ndipo tuseme juu ya kuunganisha.

Sisi tunaona kuko njia ya tatu, ambayo ku mikutano haisemwi. Shule yetu ya msingi iko na degre tatu, kila moja ya miaka miwili. Wale wa klasi ya tano na ya sita waende ku shule kubwa: wako na nguvu ya kutembea na wanahitaji kutayarisha mtihani. Wale wa klasi ya kwanza na ya pili wabakie ku kijiji, katika klasi yao, kama tawi la shule kubwa, na mwalimu mmoja. Wale wa katikati, barabara ndiyo itakata: kama kuko mto wa kuvuka, wabakie, kama njia ni nzuri, waende. Kufundisha miaka miwili mu klasi moja haiko ajabu. Walimu wetu wa vijiji wanafanyaga hivyo toka zamani, wengi bila mtu kuwaonyesha namna. Waonyeshwe. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja. Na huyo mtu asifutwe ku listi ya mshahara siku shule inafutwa, juu bila yeye hata tawi halitakuwa.

Watu wa Katanga tunajua sheria moja yenye kuamuru kukaa na wananchi mbele ya kazi. Sheria ya migodi, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inalazimisha kampuni kuongea na wakaaji, kuandika pamoja nao «cahier des charges», na kutoa 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Namna inavyotumikishwa, tunailalamikia kila siku. Lakini angalau karatasi iko. Mkaaji anaweza kuishika na kusema: «Hiki mliahidi, kiko wapi?» Kwa shule, mzazi hana karatasi yoyote. Ikiwa tunamdai mtu anayechimba shaba aandike ahadi zake mbele ya kuanza, kwa nini Serikali yetu yenyewe isiandike zake mbele ya kufunga klasi?

Tunachoomba haiko kikubwa. Mkutano ufanyike mapema, mwezi wa tatu ao wa ine, wakati masomo yangali yanaendelea na barabara ingali na maji, na hapana juma mbili mbele ya kufungua masomo. Hesabu ya watoto isomwe mbele ya wazazi. Mkubwa atembee ile njia kwa miguu, pamoja na COPA, kutoka klasi mpaka klasi. Mapendekezo yawe matatu: kufunga, kubakiza, ao kubakiza klasi za wadogo. Lugha ya mkutano iwe ile ambayo mama anaelewa. Mambo ya maisha ya mtoto wake yasisomwe kwa Kifaransa tu kisha akaombwa kutia sahihi. Yale yaliyosemwa yaandikwe, na nakala moja ibakie ku kijiji. Na mwaka moja kisha kufunga, mtu arudi na listi ya zamani mkononi, aite majina: huyu iko wapi? Na huyu?

Na ninyi wazazi, baba na mama, kuko neno lenu pia. Ukiitwa, enda. Usiachie wanaume peke yao kusema, juu ni mama anayejua saa mtoto anatoka na saa anarudi. Usitie sahihi ku karatasi nyeupe, wala ku ile usiyosomewa. Mtoto wako mwandikishe kwa wakati, juu mtoto asiyeandikwa mwezi wa tisa ndiye anayefanya klasi ionekane tupu. Na watoto wenyewe waulizwe: sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inawapa ruhusa ya kusema juu ya mambo yanayowagusa, na hakuna anayejua njia ya kwenda masomo kuwapita wao.

Wakubwa wa elimu, ninyi wa sous-division na ninyi wa dini zenye kusimamia shule, tunawaheshimu na tunajua feza hazitoshi. Hatuwaombi kubakiza kila ukuta. Tunawaomba mje mbele hamjakata shauri. Mkija hivyo, mzazi aliyechoma yale matofali anaweza hata kukubali shule ifungwe, akijua mtoto wake wa miaka sita ataketi wapi siku ya kufungua masomo, na atapita njia gani mvua ikinyesha.