Hewa ya ukaa: Mizani peke yake haitoshi

WAFANYABIASHARA wa kahawa na korosho wanajua kwamba gunia lenye unyevu huvuta mizani kuliko lililokauka, na mnunuzi asiye na kipima unyevu hulipia maji. Hatari hiyo hiyo imo katika biashara mpya ya kunasa hewa ya ukaa, ambayo imekwisha kufika Nairobi, ilikoanzishwa kampuni ya Octavia Carbon mwaka 2022.

Mitambo mingi ya aina hii hupitisha hewa kwenye kitu kigumu chenye vitundu vingi kama sponji, kilichotiwa kemikali za amini. Hewa ya ukaa hunaswa humo, sponji hupashwa moto, hewa hiyo hutolewa, na kazi huanza upya. Faida inategemea sana mzunguko huo utarudiwa mara ngapi kabla sponji haijachakaa.

Tatizo ni kwamba sponji hunyonya pia mvuke wa maji, na mizani haijui kipi ni kipi. Hapo ndipo inapohitajika spektroskopia ya miale ya infraredi, kwa sababu kila kiungo cha kemikali hunyonya miale hiyo kwa alama yake. Hewa ya ukaa iliyo huru huonekana karibu na 2,349 kwa sentimita. Iliyoshikwa na amini hujitokeza chini zaidi, kati ya 1,300 na 1,700. Na amini zikiharibiwa na oksijeni, alama mpya huzuka karibu na 1,670, hata kama kwa macho sponji bado yaweza kuonekana nzima.

Kwa hiyo ni makosa mwekezaji mdogo kuridhika na uwezo uliochapishwa kwenye kabrasha. Mtambo wa Orca wa Climeworks, uliofunguliwa Iceland Septemba 2021, ulitangazwa kuwa wa tani 4,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 vyombo vya habari vya huko viliripoti kuwa haujawahi kufikia kiasi hicho. (Si lazima kosa liwe la sponji, lakini mwenye hati hasara ni ile ile.)

Muuzaji aulizwe grafu mbili za infraredi: ya sponji mpya, na ya sponji hiyo hiyo baada ya mizunguko mingi, zilizopimwa na maabara isiyo yake. Asiyenazo apunguze bei, maana hatari anamwachia mnunuzi. Za kuangaliwa zaidi ni hati zinazouzwa kabla tani hazijanaswa, na nyingi zilizouzwa hadi sasa ni za namna hiyo.