Kingo za Mto Morogoro ziwe bustani ya umma

Kwa kuwa Morogoro imeegemea milima ya Uluguru, wengi huona mji huu hauhitaji bustani kubwa ya umma. Dhana hiyo inatuponza. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, nao una viingilio na taratibu zake, na njia ya kwenda Morningside, kule mlimani, ni mpando mtupu. Bibi mwenye maumivu ya magoti, au mama aliyebeba mtoto mgongoni, hapandi huko jioni kupunga upepo. Sensa ya 2012 ilikuta manispaa ina watu wapatao 315,000. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Mji ukikua hivyo, maeneo ya wazi ndiyo huliwa kwanza.

Ardhi ya bustani tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini shuka darajani kwenye Mto Morogoro utazame: mifuko ya plastiki imenasa kwenye mizizi, matuta ya mchicha yamefika majini, na ukuta wa mtu unasogea mwaka hadi mwaka. Katazo peke yake halilindi ardhi. Watu wanaoitumia kila siku ndio huilinda. Nairobi walilishuhudia hilo 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wakubwa walimkejeli, lakini wananchi waliokuwa wakipumzika pale walijua wanachonyang'anywa, na jengo halikujengwa. Tokyo nako, eneo la Ueno lilitengwa kwa hospitali na chuo cha udaktari. Daktari Mholanzi, Bauduin, akashauri liwe bustani, na 1873 likawa. Tetemeko la 1923 lilipoteketeza mji, umati mkubwa ulikimbilia humo.

Watakaosema fedha zianze na zahanati na madarasa wana haki ya kujibiwa. Bustani ninayoitetea haihitaji makubwa: ni njia ya miguu, miti ya asili, mabenchi, vyoo na taa, bila kiingilio. Mto ukifurika, nyasi zitalowa na kukauka. Nyumba ikisombwa hairudi. Hoja nzito zaidi ni ya wakulima wa mchicha, maana wanalisha mji. Kuwafukuza kwa mgambo itakuwa dhuluma. Wapewe maeneo nje ya mita hizo kabla jembe la mwisho halijaondolewa ukingoni, hata kama mradi utachelewa. Na maji haya hayaishii kwetu: yanaingia Ngerengere, kisha Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam, hivyo gharama za kuulinda ukingo huu tusiachiwe peke yetu.

Wa kuanza kazi ni mpima ardhi, mkandarasi baadaye. Baraza la madiwani liagize mita 60 zipimwe kutoka miguuni mwa mlima hadi Ngerengere, mawe ya mipaka yasimikwe, na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata kabla kiwanja kingine hakijagawiwa kando ya mto.