Kona ya Mwalimu: Aliyeanguka naye ana mama



Siku ya posho moja umeme ulirudi, na mtoto wangu wa miaka 15 akaketi na wenzake wawili mbele ya televisheni. Ilikuwa filamu ya Rambo. Mimi na jirani yangu tulikuwa mlangoni tunachambua sombe. Watoto walikuwa wanahesabu wanaokufa: "Kumi na nane! Kumi na tisa!" Kila mtu akianguka, wanacheka. Jirani akaweka sahani chini, akasema anaenda kuangalia moto wake. Nilijua hakuacha moto. Kijana wake mkubwa aliondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita, akafuata watu wenye silaha, na hadi leo hakuna habari yake.

Sikuwagombeza watoto. Katika filamu za namna hiyo mtu anaanguka kama embe bovu: hana jina, hana nyumba, hakuna anayemlilia. Shujaa anapigwa risasi, na baada ya muda kidogo anakimbia tena. Mtoto anayelishwa hayo kila juma ataona vita ni mchezo. Na kwetu huku Kivu wako watu wanaotafuta vijana wenye mawazo hayo.

Kwa hiyo juma lililofuata niliazima filamu nyingine, Il faut sauver le soldat Ryan ya Steven Spielberg, ya mwaka 1998. Niliitazama kwanza peke yangu. Inaonyesha askari wa Marekani wakishuka pwani ya Normandie, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Mapigano ya pwani yanachukua zaidi ya dakika 20. Askari wanatapika ndani ya mashua, wengine wanazama na mizigo yao, maji yanakuwa mekundu. Mmoja anaokota mkono wake mwenyewe uliokatika.

Lakini si hapo palipowanyamazisha watoto. Baadaye, ofisini, wanawake wanapiga mashine barua za kuarifu familia. Mmoja anagundua kwamba barua tatu zinaenda kwa mama mmoja. Kisha tunaona nyumba ya shambani, na mama anaosha vyombo. Kupitia dirisha anaona gari linakuja. Anatoka nje, anamwona mtumishi wa Mungu akishuka garini, miguu inamwisha nguvu, anakaa chini barazani. Hatusikii neno lolote. Tunamwona kwa nyuma tu.

Mtoto wangu akauliza: "Mama, na wale wengine wa pwani, wote walipelekewa gari?" Nikamjibu: "Kila mmoja alikuwa na kwao."

Baada ya hapo wanaume 8 wanaenda kumtafuta mtoto wa nne aliyebaki, ili arudishwe kwa mama yake. Kati ya hao 8, 6 wanakufa. Kapiteni wao, Miller, mkono wake unatetemeka. Askari wake wanabahatisha alifanya kazi gani zamani, mpaka siku moja anawaambia: ni mwalimu wa shule. Anaona kwamba kila anapoua mtu, anazidi kuwa mbali na nyumbani kwake. Mimi mwalimu, maneno hayo yalinikaa rohoni. Tena yuko mganga wao, Wade. Usiku mmoja anasimulia alivyokuwa mara nyingine anajifanya amelala mama yake alipotoka kazini akitaka kuongea naye. Siku anapokufa, ni mama huyo anayemwita.

Filamu hiyo nayo ina upungufu. Mama wa askari Mjerumani hatumwoni hata kidogo. Na anayetaka kuona vita inavyomharibia maisha mtoto wa kike, atafute Rebelle ya Kim Nguyen, iliyopigwa Kinshasa. Mwigizaji wake Rachel Mwanza, aliyewahi kuishi barabarani katika mji huo huo, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Berlin mwaka 2012.

Wamama, nawaomba mambo matatu. Kwanza, tazameni filamu kabla ya watoto; hizi nilizotaja si za watoto wadogo. Pili, ketini pamoja nao, na mtu akianguka ulizeni: "Huyu ni mtoto wa nani? Nani anamngojea?" Tatu, mtoto aliyeona vita kwa macho yake msimlazimishe kutazama. Yeye hana haja ya filamu. Ana haja ya mtu wa kumsikiliza.

Siku ya posho iliyopita jirani yangu alikuja tena na sombe yake. Mtoto wangu alipomwona mlangoni alizima televisheni, akamletea kiti. Sikuwa nimemwambia chochote.

Tuonane juma lijalo.