MAZUNGUMZO YA JAMAA: Magoti ya papa na maji ya mfalme

Mwezi huu sitajibu barua. Barua za wamama juu ya wakwe zimefika, nimezisoma zote, zingoje kidogo. Tangu turudi hapa Kipushi, kila mtu tunayekutana naye njiani anauliza: "Mama, muliona nini kule Bulaya?" Nikijibu kwamba niliona magoti ya bwana yangu, watu wanacheka. Basi leo niwasimulie ile siku yote, mpate kuelewa.

Mtoto wetu wa kwanza anakaa na bwana wake na watoto wao wawili karibu ya Paris. Katika mwezi wa tano wa mwaka 2023 tulikwenda kuwatembelea. Alikuwa ameandika programu ya kila siku kwenye karatasi na kuibandika juu ya frigo, kama orodha ya kazi ya timu ya asubuhi na timu ya usiku. Siku ya posho iliandikwa: Versailles. Akamwambia baba yake: "Papa, maisha yako yote ulikuwa chini ya udongo. Nataka nawe uone kitu kizuri chenye bantu balijenga huku juu." Papa akacheka tu.

Mimi nilijua jambo ambalo mtoto hakulijua. Papa alifanya kazi ya pompi za maji chini ya mungoti miaka mingi, zaidi ya mita 1000 chini, miguu ndani ya maji. Kazi iliisha, lakini ule unyevu ulibaki ndani ya magoti. Mtoto alikuwa ametuma franka za munganga tangu mwezi wa kwanza. Kila mara akipiga simu, baba yake anajibu: "Magoti iko muzuri sana, mama." Nami nilikaa pembeni, nikanyamaza.

Tuliondoka saa moja ya asubuhi, na mayai ya kuchemsha, mikate na chupa za maji ndani ya kikapu. Treni ya kule wanaiita RER C. Inatoka Paris na kufika mwisho wa njia, na karibu watu wote wanashuka pamoja kwa maana wote wanakwenda kwa mfalme. Mfalme mwenyewe hayuko. Wa mwisho aliondolewa tarehe 6 Oktoba 1789, siku moja nyuma ya wamama wa Paris kutembea kwa miguu mpaka pale wakidai mikate. Niliposikia ile habari nilipenda sana wale wamama. Walitembea kilometa karibu 20 chini ya mvua, na mimi kutoka tu kwa gare nilikuwa nimekwisha kujuta kwa viatu vyangu vya harusi.

Kiwanja cha mbele kimetandikwa mawe madogo-madogo, magumu, hayalingani. Juu ya yale mawe tulipanga mustari pamoja na watu wa dunia nzima. Jua likapanda. Mjukuu mdogo akataka kukojoa. Mkwe wetu akaenda naye, wakakawia, mustari ukasogea, tukagombana na watu waliofikiri kwamba tunaingiza wengine mbele yao. Papa alisimama mguu moja, kisha mwingine, kama kuku penye baridi.

Ndani, nitasema ukweli, ni uzuri unaochosha. Vyumba vya ile nyumba vyote ni karibu 2300. Mgeni anaona sehemu ndogo tu, lakini hata ile sehemu ndogo haiishi. Zahabu, picha juu ya kichwa, zahabu tena. Mfalme Louis wa 14 ndiye aliyehamisha serikali yake kutoka Paris kuja pale, mwaka 1682, ili wakubwa wote wakae chini ya macho yake. Katika kanisa lake nilisimama kidogo. Mfalme alisali juu, kwenye orofa, na watu wengine chini. Nikafikiri juu ya viti vya mbele vya parokia fulani ninayoijua, lakini nisiseme zaidi.

Halafu chumba cha vioo. Urefu wake ni mita 73, vioo 357, na wakati ule kioo kilikuwa kitu cha bei kali sana. Vijana wanaosoma historia, mjue kwamba ndani ya chumba hiki tarehe 28 Juni 1919 Ujerumani ilitia mkono kwenye mapatano ya mwisho wa vita ya kwanza, ikaacha makoloni yake yote. Nyuma yake Rwanda na Urundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, pamoja na sisi jirani zao. Mambo yetu yaliamuliwa mbali kweli. Mtoto wetu alituita tujipange kwa picha. Ndani ya vile vioo ndimo nilimwona papa vizuri: jasho usoni, mkono umeshika ukuta.

Pale kuna viti vya magurudumu vya kuazima, unaacha kitambulisho mlangoni. Mkwe aliuliza kwa heshima sana: "Papa, nikuletee kimoja?" Kumbe alikuwa ameona zamani. Papa akamtazama kwa ukali. Alishuka ndani ya mungoti kwa miguu yake na akapanda kwa miguu yake, basi hatasukumwa kama mzigo mbele ya wajukuu. Mkwe akanyamaza. Wamama, mniambie: mkwe aseme nini hapo?

Saa saba tulitoka bustanini. Ni bustani gani ile! Kutoka mlango wa nyuma mpaka kisima cha Apollon ni karibu kilometa moja, halafu kunaanza mfereji mkubwa wa maji, nao peke yake unapita kilometa moja na nusu. Kwenye programu ya frigo ilikuwa imeandikwa pia nyumba ndogo za malkia, mbali zaidi, nyuma ya miti. Papa akafika kwenye ngazi za juu, akatazama ile njia, akakaa chini.

"Muende. Mutanikuta hapa."

"Papa, nililipa tiketi ya siku yote!" Mtoto wetu alikuwa amechoka pia, sauti yake ikapanda. "Uko nafanya vile kusudi? Juzi ulikataa kutoka, jana ulikataa. Magoti si ulisema imepona? Ile franka ya munganga njo ilienda wapi?"

Papa hakujibu. Watu walikuwa wanapita. Mjukuu mkubwa akaacha kula. Nikaona kwamba nikinyamaza tena, siku ile itaharibika na hata safari yote itaharibika. Nikasema: "Ilienda kwa mdogo wako."

Mdogo wake, mtoto wetu wa mwisho, alikuwa mwaka wa sita wa sekondari. Walimfukuza darasani mwezi wa kwanza kwa ajili ya minervale, na franka za kumwandikisha kwa egzameni ya taifa zilikosa. Papa alichukua zile za magoti akalipa. Akaniapisha nisiseme, kwa kuwa mtoto wa Bulaya alikuwa amekwisha kulipa mwaka uliotangulia, na papa aliona haya kumwomba mara mbili. Yeye ni mzazi, si deni la mtoto. Ndivyo alivyosema.

Mtoto wetu alisimama pale na kikapu mkononi. Sikujua kama atalia au atakasirika zaidi. Alikaa kwenye ngazi, si karibu sana na baba yake, akavua viatu.

Ndipo muziki ukaanza na maji yakaruka. Kuna siku wanazoyafungulia, na ile ilikuwa moja yao. Mjukuu mkubwa akauliza: "Kambo, ni nani anasukuma maji?" Papa alikuwa hajasema neno tangu dakika nyingi. Akainua kichwa.

Mkwe alitafuta ndani ya simu yake na kusoma. Mahali pale hapakuwa na maji ya kutosha. Mfalme alijengewa mtambo mkubwa mtoni Seine, ulikwisha mwaka 1684: magurudumu 14 ya mbao yanayozungushwa na mto, na pompi zaidi ya 200, za kupandisha maji karibu mita 160 mpaka juu ya kilima kwa ajili ya bustani zake. Aliyeujenga ni Rennequin Sualem, fundi wa mbao kutoka upande wa Liège, kule walikozoea kutoa maji ndani ya mashimo ya makaa ya mawe.

"Mutu wa mungoti!" papa akasema.

Mkwe akaendelea: maji yalipanda kwa hatua tatu. Papa akampigia mjukuu kofi la furaha mgongoni. "Unaona? Huwezi kuyasukuma mara moja, bomba itapasuka. Unayapandisha mpaka birika ya kwanza, pompi ingine inayapokea, mpaka ya pili. Hata sisi tulifanya vile." Akachora kwa kidole katika vumbi: bomba, birika, bomba. Na maji hayakutosha hata hivyo. Wanasimulia kwamba mfalme akitembea, watu wa visima walipiga filimbi kuambiana afungue nani na afunge nani, ili mfalme aone maji kila anapogeuka. Papa alicheka mpaka akakohoa. Alisema anawajua wakubwa wa namna ile.

Mkwe alisoma pia juu ya kazi ya kuleta maji ya mto Eure, tangu mwaka 1685: askari karibu 30000 walichimba na kujenga, wengi wakafa kwa homa, vita ikaanza, kazi ikaachwa bila kuisha. Papa hakucheka hapo. Aliuliza kama majina yao yameandikwa mahali. Hakuna aliyemjibu.

Nyumba za malkia hatukuziona. Tulikula mayai pale kwenye ngazi, na mtoto wetu akasogea kidogo kidogo mpaka bega lake likafika kwa la baba yake. Saa kumi mkwe alikwenda kuleta kiti cha magurudumu bila kuuliza tena. Papa alikikalia, lakini kwa sharti: mjukuu mdogo akae juu ya mapaja yake, ili watu wafikiri kwamba kiti ni cha mtoto.

Ndani ya treni wote walilala isipokuwa mimi na mtoto wetu. Alikuwa ameweka mguu wa baba yake juu ya mapaja, anausugua polepole. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Na mudogo wangu, ile egzameni, anaifanya siku gani?"