Picha za kale zathibitisha wachuuzi si wavamizi wa miji

KILA wachuuzi wanapofurushwa katikati mwa jiji la Nairobi, hoja huwa ile ile: kwamba wamevamia mji usio wao. Picha za kale zinaikanusha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar kama vile A. C. Gomes na Coutinho Brothers ziliwauzia wasafiri wa meli kadi za posta zenye sura za maisha ya pwani. Muuza kahawa na dele lake na muuza matunda na kikapu chake walikuwa miongoni mwa sura zilizopendwa.

Hata hivyo, maandishi yaliyoandamana na picha za aina hiyo kwa kawaida yalitaja kazi au kabila tu. Jina la mwenye sura halikuandikwa. Mchuuzi alikuwa pambo la kupelekwa Ulaya, si raia mwenye haki.

Nairobi nayo ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, lakini kabla ya hapo wakulima Wakikuyu tayari walikuwa wakiiuzia misafara chakula katika eneo la Dagoretti. Biashara hiyo basi ni kongwe kuliko jiji lenyewe.

Utawala wa kikoloni ulikihitaji chakula hicho, ila ulimtaka Mwafrika awe mjini kama kibarua mwenye kipande shingoni. Aliyeuza bila leseni alihesabiwa mkosaji.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, bendera ilibadilika lakini msako ukabaki. Mwaka 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu Kenya ilieleza kuwa biashara hizi ndogo zina tija, na kushauri wenye kuziendesha wasihangaishwe.

Ushauri huo haukufuatwa ipasavyo. Soko la Muthurwa lilipofunguliwa mwaka 2008, lilinuiwa kuwaondoa wachuuzi barabarani, lakini wengi walirudi walikokuwa. Mwaka 2024 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliwaagiza tena waondoke katika baadhi ya barabara kuu na kuhamia za nyuma.

Ni kweli kwamba mwenye duka anayelipa kodi ya pango ana malalamiko ya haki, na mpita njia anahitaji nafasi ya kupita. Lakini mama anayenyang'anywa gunia la mboga asubuhi hupoteza mtaji wote, na jioni watoto hulala njaa.

Wapiga picha wa kale walijua pa kumpata mchuuzi: sokoni, bandarini, mahali penye watu. Wapangaji wa miji wangeanzia hapo. Soko linalojengwa mbali na wanunuzi halimwondoi mchuuzi barabarani. Humwongezea tu safari ya kurudi.