Neno la Mhariri: Udhuru wa Mpango Mzuri

Katika mashirika yetu, ya umma na ya watu binafsi, kila mpango mkubwa unapoanguka hutolewa udhuru mmoja, nao husemwa kwa utulivu kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa: mpango ulikuwa mzuri, utekelezaji ndio uliouharibu. Udhuru huu hupendwa kwa sababu humwacha kila mkubwa mahali pake. Waliotunga hubaki na sifa ya akili, na lawama huteremka ngazi kwa ngazi hata ikamfikia bwana shamba, karani wa ghala au dereva, ambaye hakuitwa katika shauri wakati wa kutunga, na aghalabu hakupata hata kulifungua kabrasha lenyewe. Toleo hili limekusudiwa kuupinga udhuru huo. Tunadai ya kwamba mpango usiojua utatendwa na nani, kwa zana gani, juu ya ardhi ya namna gani, haukuwa mzuri hata siku moja. Ulikuwa ni matumaini yaliyopigwa chapa.

Ushahidi ulio dhahiri kupita wote tunao nyumbani, Kongwa, katika nchi ya Ugogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na dhiki ya mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa rai kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine, kwa wingi usiopata kuonekana. Ujumbe wa watu watatu, chini ya John Wakefield aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ukazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari ikiwa ni ya ndege, ukarejea na hesabu ya kupendeza macho: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla yake ekari 3,210,000, mengi yakiwa Tanganyika na machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Serikali ya Uingereza ikaikubali. Hapakutangulia shamba la majaribio, wala hapakuwa na kumbukumbu za mvua za miaka mingi za kutegemewa; na kwa kuwa haja ya mafuta ilikuwa ya haraka, ikaamuliwa kwamba maarifa yatapatikana huku kazi ikiendelea. Uamuzi huo kwa asili yake si mwovu, ila wataka pawe na njia ya kuyapokea maarifa yanapofika, na njia hiyo ndiyo iliyosahauliwa.

Maarifa hayakukawia kufika. Matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya zana za vita yaliharibika moja baada ya jingine kabla vipuri havijawasili. Vichaka vya Ugogo vilikuwa na mizizi iliyoyashinda makali ya mashine, hata ikabidi mnyororo wa nanga ya meli ukokotwe kati ya matrekta mawili ili kuviangusha, na vifaru vya vita vikageuzwa kiwandani kuwa vyombo vya shamba. Lakini adui mkubwa alikuwa chini ya miguu. Karanga hutoa ua lake juu ya ardhi, kisha huteremsha kikonyo na kuzaa ndani ya udongo. Hivyo hutaka udongo laini wakati wa kuzaa na laini wakati wa kung'olewa. Udongo wa Kongwa hulimika mvua inaponyesha, na kiangazi kinapoingia hukauka ukawa mgumu kama saruji, ukayala majembe ya mashine na kuyafungia mazao ndani yake. Wagogo walikuwa wakifuga ng'ombe na kupanda mtama na uwele katika nchi hiyo tangu jadi, na kuchagua kwao nafaka hizo kulikuwa ni matokeo ya uchunguzi mrefu kuliko wa ujumbe wowote. Mwaka 1947 lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Walioko shambani waliyaona haya mapema, walakin lengo lilikwisha kutangazwa London mbele ya Bunge, na kulipunguza kulikuwa ni kukiri. Likapunguzwa kwa kuchelewa, na mwaka 1951 mradi ulipofutwa hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Atakuwapo msomaji wa kusema kwamba hayo yalikuwa makosa ya wageni waliotawala nchi wasiyoijua. Ni kweli, nasi hatuupunguzi uzito wa dhuluma hiyo. Lakini hali ile ile twaiona leo katika watu waliozaliwa papa hapa, wanapojifungia siku tatu katika hoteli pamoja na mshauri wa kukodiwa, wakatoka na dira, dhamira na majedwali ya miaka mitano, ilhali mtunza ghala ajuaye kwa nini dawa huisha kila robo ya mwaka hakuulizwa neno.

Tunao mfano mwingine, nao watupa moyo. Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo katika hotuba yake ya Kupanga ni Kuchagua, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza, kwa jina hilo hilo, vikundi vichache vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1971 ikafuata kampeni ya Wakati wa Furaha, yenye washiriki 20,000 hivi. Ndipo mwaka 1973, baada ya kujifunza katika udogo, ikaja Mtu ni Afya, yenye washiriki wapatao milioni mbili, na viongozi wa vikundi 75,000 hivi waliofundishwa kwa daraja, kutoka taifa hata kijijini. Kikundi kilikutana kila wiki kwa wiki kumi na mbili, kikasikiliza kipindi, kiongozi akawasomea wasiojua kusoma kutoka kitabu, kisha wakaulizana juu ya malaria, kichocho au safura iliyo kwao, wakaazimia la kufanya: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka majani. Tunavutwa sana na sehemu hiyo ya mwisho. Taasisi ilipanga maradhi ya kuzungumzwa, lakini azimio la wiki lilifanywa na wale wale watakaoshika jembe, na kwa hiyo kati ya mtungaji na mtendaji hapakuwa na mwanya mpana wa kupita udhuru.

Waandishi wetu wa toleo hili wametoka katika vyama vya ushirika, hospitali, bandari na halmashauri, na tuliwapa sharti moja: kila mmoja aanze na mtu wa mwisho katika mpango, yule anayepokea agizo na hana wa kumwagiza, aeleze siku yake ya kazi, ndipo apande kwenda juu. Baadhi yao walilalamika kwamba sharti hili linaipindua tadbiri miguu juu. Makala zao ndizo zilizotufaa zaidi. Nasi twamwomba msomaji mwenye madaraka kwamba, kabla ya kuzisoma, autwae mpango wa shirika lake na autafute ukurasa unaotaja ni nani mwenye idhini ya kubadili lengo pindi habari za shambani zinapolikanusha, na kwa muda wa siku ngapi. Ukurasa huo ukikosekana, auandike kabla ya bajeti ijayo, na jina la mtu liwepo, si la kamati.